Mbwa Aliyepewa Jina la Chande

Kamba haikukatika. Kamba ilikatwa. Nawaambieni mapema, maana mimi si msimulizi wa kufunika chakula kisha nikawaacha mnuse harufu. Aliikata Kibwana, siku ile barafu ilipofunguka, kaka yake Chande akaingia majini na sleji yake nzima, na yeye mdogo mtu, aliyefungwa naye kamba moja kiunoni, akajikuta anaburutwa kwa tumbo kuelekea lile shimo. Akachomoa kisu. Kisha akarudi ufuoni kwa miguu, akasema: imekatika. Watu wakamwamini, kwa kuwa kamba hukatika, na kwa kuwa alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli kabisa. Mtu anaweza kuua akalia, tena akalia vizuri. Basi hilo mmelijua. Yeye alikuwa amelibeba peke yake misimu mitatu, na siku ninayoisimulia alikuwa bado analo kifuani huku akifunga mbwa wake.

Nchi yenyewe haina jina, au lilikuwepo likaganda pamoja na mengine. Ina ufuo wa huku na ufuo wa kule, na katikati imelala bahari chini ya barafu. Wenyewe huiita Uwanda. Jua halichwi. Limekaa ukingoni mwa mbingu, jekundu, kama mgeni aliyemaliza chai na hataki kuaga. Kwa hiyo hakuna jana wala kesho ya kushika mkononi; ukimwuliza mwenyeji leo ni lini, atakutazama akujibu: leo. Wapo waliozaliwa leo na waliokufa leo, na Chande alizama leo vilevile, misimu mitatu iliyopita. Magari ya huko hayana magurudumu. Ni mbao mbili ndefu zinazoteleza juu ya theluji, juu yake kitanda cha mizigo, na mbele yake mbwa wanane wenye manyoya mazito na macho yasiyokuambia kitu. Hizo ndizo sleji. Bila mbwa hakuna kuvuka, na bila kuvuka hakuna ndoa, hakuna unga, hakuna habari za mama mzazi.

Na sheria zao, jamani! Mwendeshaji sleji akifia Uwandani na mwili usipatikane, jina lake haliachwi humo majini likaita wengine. Hupewa mbwa wa mbele wa sleji ya nduguye, mtangulizi, yule anayeongoza wenzake. Tangu saa hiyo mbwa ndiye yeye. Wadogo zake humwamkia. Hapigwi. Haamrishwi, huombwa. Na mjane si mjane. Ni mke wa mtu, mume anaye, mume anakula samaki walioganda na kulala nje, lakini mume. Mke huyo hufunguka kwa njia mbili tu. Ama mbwa amwongoze kwa miguu yake mwenyewe hadi ufuo alikozaliwa, ndipo isemwe kwamba marehemu amemrudisha kwa wazazi wake kwa heshima. Ama mbwa afe. Na kumwua mbwa huyo ni kuua mtu, isipokuwa kwa sababu moja, ambayo ni sheria ya pili, nayo ni fupi: sleji iliyotoka hairudi. Ikirudi bila kufika, Mpokezi wa ufuoni huuliza swali moja tu, nani aliyekataa? Akiwa ni mwendeshaji, hunyang'anywa hatamu, akapelekwa banda la kamba kusokota kamba za wenzake mpaka afe. Akiwa ni mbwa, mbwa huuawa, hata awe na jina la nani.

Sasa tuendelee.

"Shikamoo, kaka," alisema Kibwana, amepiga goti kwenye theluji, mkanda wa kifuani mkononi.

Chande, namaanisha mbwa, alikuwa anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma. Alijikuna kwa bidii, jicho moja amelifumba.

"Mbona hakuitikii?" Siwatu aliuliza kutoka juu ya mizigo. Siwatu alikuwa mke wa Chande, yule wa kwanza, wa miguu miwili. Alikuwa amejizungushia ngozi mbili za kulalia na shuka juu yake, imebaki pua na mdomo, na mdomo wa Siwatu haukuwahi kuumwa na baridi.

"Usimfanyie mzaha mumeo, shemeji."

"Mume wangu alikuwa anakoroma, anaficha sukari, na akikasirika anaongea na ukuta. Huyu ni mbwa. Mbwa mzuri, simtukani, lakini ni mbwa. Mvalishe twende."

Alikuwa na haki ya kuharakisha. Mama yake, kule ng'ambo, macho yalikuwa yamekwisha. Kila mtu aliyevuka kutoka kule alileta habari zilezile: bibi anakaa mlangoni, akisikia hatua kwenye theluji anauliza, Siwatu? Na mtu hujibu, hapana, ni mimi fulani, naye husema, haya, pita. Mara mia hapana, mara mia pita. Barafu ilikuwa inaanza kulia chini, dalili kwamba itavunjika. Hii ilikuwa safari ya mwisho ya msimu. Asipovuka leo, angoje msimu mzima, maana njia ya milimani, ya kuzunguka kwa miguu, mke wa mtu haruhusiwi kuipita, na mama yake hakuwa na msimu mzima. Kibwana alijua. Ndiyo maana alikubali kumpeleka bila kuuliza mara mbili. Aliona kwamba akimfikisha Siwatu kwao, jina likafunguliwa, basi kaka yake ataondoka mle ndani ya mbwa na kwenda zake, asiwe tena anamtazama kila siku wakati wa kufungwa mkanda. Mtu mwenye deni la damu hufikiri kila kitu kinamtazama.

Wakatoka. Mbwa wa huko wakiambiwa twende hupiga kelele za furaha mpaka unaziba masikio, kisha kamba ikikaza hunyamaza wote kwa pamoja, na hapo husikii kitu ila pumzi zao na mbao zikiteleza. Nyuma ya Chande alikuwa Naam, mbwa mdogo, mwenye nguvu, mwenye tabia moja kubwa: hakuwahi kukataa. Wenyewe huwapa mbwa majina ya kuwajibu majirani, kuna Mtasema, kuna Hamjanikomoa, lakini Naam alipewa jina lake kwa sababu alikuwa hivyo kweli. Ukimwambia kulia, kulia. Ukimwambia lala kwenye moto, angekuangalia tu kuona kama umemaliza kusema.

Walikwenda. Walikwenda mpaka ufuo wa nyuma ukawa mstari na ufuo wa mbele bado haujawa kitu. Katika Uwanda ukifika katikati hapo, mtu huanza kumwagika. Kibwana alitazama mikono yake juu ya mpini wa sleji akaiona ni ya Chande: makovu yaleyale, kidole kilekile kilichopinda. Akafumba macho, akafumbua, ikawa yake. Akajisikia anavuta badala ya kusukuma. Akajiuliza, tangu lini nimekuwa na miguu mingi hivi? Haya humpata kila mwendeshaji, na dawa yake ni kusema jina lako kwa sauti. "Kibwana," alisema. "Kibwana, Kibwana."

"Nipo nawe, sijashuka," alijibu Siwatu, akidhani anaitwa na mtu anayeumwa.

Hapo ndipo Chande aliposimama.

Hakusimama kama aliyechoka. Aliinua mguu mmoja wa mbele, akauacha hewani, pua chini. Akaurudisha mahali pake palepale. Kisha akalala, chap, kifua kwenye barafu, akageuza kichwa akamtazama Kibwana. Wenzake nyuma wakasongamana, wakasimama.

"Kaka, tafadhali, twende."

Chande hakusogea.

"Kaka yangu, nakuomba. Mama mkwe wako anangoja."

Mbwa akalaza masikio. Kibwana akaomba mara ya tatu, akiwa ameinama kabisa, jasho linamtoka katika baridi ya kukata ulimi. Mbele yao barafu ilikuwa nyeupe, tambarare, safi. Jicho halikuona kosa lolote.

"Ana nini?" Siwatu aliuliza.

"Hataki uende."

"Nani hataki?"

"Mumeo. Ni hapa, shemeji. Ni karibu na hapa alipozama. Amepakumbuka. Anaona nakuchukua, nakupeleka kwenu, utaolewa na mwingine. Ana wivu."

Siwatu akashuka, ngozi zikamwanguka mabegani. "Kibwana, sikiliza, na mimi nitasema mara moja. Mbwa hana wivu wa ndoa. Mbwa ana pua. Amenusa maji chini, basi. Hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo."

"Barafu nzima hiyo, huioni?"

"Mimi naona. Yeye hanusi kwa macho."

Lakini Kibwana hakuweza kusikia, na hapa msimcheke. Ukikaa misimu mitatu ukimwamkia mbwa kila ukiamka, ukimwomba badala ya kumwamrisha, ukimpa kipande cha kwanza cha samaki kabla hujala, huwezi siku moja ukamwona mbwa. Alimwona Chande. Alimwona Chande amelala pale barafuni, anamtazama kwa macho ya mtu anayejua, na ndani ya kichwa chake maneno yakaanza kuanguka moja moja.

Ananijua.
Amengoja mpaka nifike hapahapa.
Si wivu. Ni mimi. Ananizuia mimi.
Kaka, sema basi. Sema uliona kisu.
Uliona?
Ulikuwa umeshika kamba kwa mikono miwili na ulikuwa unaniita mimi, hukuwa unaita mama wala Mungu.
Kama umeona, kwa nini kila siku unavuta?
Vuta basi. Vuta tena leo. Mara moja tu.

Siwatu akamwona ametoa machozi, akaingiwa na shaka. Yeye mwenyewe! Mwanamke aliyemcheka mbwa misimu mitatu, sasa akatazama pande zote, kana kwamba kuna jirani wa kumwona kwenye Uwanda ule usio na nzi. Akapiga magoti mbele ya mbwa.

"Chande," alisema kwa sauti ndogo. "Kama ni wewe kweli, niachie niende nikamwone mama. Sikuudhi tena. Nilikupenda, na sukari nilijua unaficha wapi. Niachie."

Mbwa akalamba theluji iliyoganda kwenye mkono wa nguo ya Siwatu. Alilamba kwa makini, mpaka ikaisha, kisha akaangalia pembeni. Siwatu akasimama, uso umemwiva kwa aibu.

"Nimekuwa mwehu kama wewe," alimwambia Kibwana. Na baadaye, kwa sauti nyingine: "Lakini mimi lazima nifike. Mfunge Naam mbele."

"Akiongoza Naam hutakuwa umefunguliwa. Utafika kule ungali mke wa mtu."

"Sheria ikae ufuo wa huku na wenyewe. Mimi nitakuwa na mama yangu."

Nitasema kweli: alijua. Dakika moja iliyopita amesema maji yapo, na sasa anataka kupita. Shida ya mtu ndiyo hiyo, anaweza kujua jambo kwa mdomo huku miguu inalikataa. Kibwana akamfungua Chande mbele, akamweka nyuma kabisa, mahali pa mwisho karibu na mbao, akamfunga Naam kwenye nafasi ya mtangulizi. Hajawahi mtu kumshusha mkubwa wake nafasi.

"Naam, twende!"

Naam akaruka. Alikuwa hajawahi kuongoza maishani, na furaha yake ilikuwa ya kuonea huruma. Akavuta, wenzake wakamfuata, sleji ikang'oka. Lakini ilikwenda nzito, ikikwaruza, kwa sababu nyuma kule Chande alikuwa ameweka miguu minne kama misumari, kucha ndani ya barafu, anaburutwa, na nyuma yake unabaki mstari mwembamba wa damu. Kibwana akauona ule mstari. Akaendelea. Hatua mia, hatua mia na hamsini. Barafu ikaanza kubonyea, taratibu, kama godoro.

Kisha mguu wa nyuma wa Naam ukazama.

Hapakuwa na mlio wala nini. Uliingia tu, mpaka kwenye paja, maji meusi yakapanda pembeni yake. Na Naam hakulia, hakuruka. Alisimama hivyohivyo, mguu mmoja majini, akageuza shingo akamtazama Kibwana, anangoja aambiwe afanye nini. Masikio juu. Tayari. Kibwana hajawahi kuona kitu cha kutisha kama ule uso. Hapakuwa na hofu ndani yake, wala hasira, wala mbwa mwenyewe. Palikuwa na nafasi tupu ya kuweka amri. Aseme kulia, angekwenda kulia akazama. Aseme lala, angelala ndani ya maji. Hiki ndicho wanachokisifu kule barazani wanaposema mbwa mtiifu, na watu wanaposema raia mwema, na Kibwana alikumbuka kwamba na yeye aliwahi kusifiwa hivyo.

Kilichowazuia wasiingie wote kilikuwa kule nyuma. Sleji ilikuwa imekwama. Ilipaswa iteleze iwasukume mbwa wote wanane shimoni, lakini ilikuwa imeshikwa na mbwa mmoja aliyejitupa nyuma kama mtu anayevuta ng'ombe, mkanda umemkaba shingo, ulimi nje, haachii.

"Umeona ametushika nani?" Siwatu alisema. Hakuwa anamsuta. Meno yalikuwa yanamgonga.

Walirudi nyuma hatua kwa hatua, kwa tumbo, wakivuta kamba kwa mikono, mpaka Naam akatoka na mguu wake, mpaka barafu ikawa ngumu tena chini ya viwiko vyao. Kibwana akaketi. Akamtazama yule mbwa aliyekuwa sasa amejikunja, analamba kucha zilizong'oka. Na kitu kikamwondoka, nacho hakikuwa mzigo, kilikuwa nguzo.

Maana aliona. Mle ndani hamkuwa na Chande. Hapakuwa na mtu anayekumbuka, wala anayesamehe, wala anayengoja. Palikuwa na mbwa. Mbwa alitaka kuishi. Na kwa kuwa amefungwa kamba moja na wengine, alitaka na wao waishi, kwa kuwa kwake yeye kamba ile ni mwili mmoja na wote walio juu yake ni viungo vyake. Hakuchagua kati ya kujiokoa na kuwaokoa. Hakujua kwamba ni mambo mawili. Sisi ndio tuliokaa tukayapasua, tukaliita moja uaminifu na lingine uoga, kisha tukawa tunasimama katikati na kisu. Kibwana alikuwa ameomba msamaha kila alipoamka misimu mitatu, kwa shikamoo, kwa samaki, kwa goti, na maombi yote yalikuwa yameingia kwenye sikio lililokuwa linawasha tu. Hilo lilimwuma kuliko kama angehukumiwa. Mwenye kukuchukia angalau yupo.

Basi hakuwa na wa kumwambia ila mmoja.

"Shemeji," alisema. "Kamba ya Chande haikukatika."

Siwatu alikuwa anamkausha Naam mguu kwa shuka lake. Mikono ikasimama.

"Ilikuwaje?"

"Niliikata."

Barafu ilinguruma mbali, chini sana. Jua halikusogea. Siwatu akauliza jambo ambalo Kibwana hakulitegemea.

"Ulikata mara moja?"

"Mara mbili. Ya kwanza haikupita."

"Kumbe ulipata nafasi ya kufikiri hapo katikati."

"Nilipata."

"Ukafikiri nini?"

"Sikufikiri. Nilimwangalia. Halafu nikakata."

Siwatu akaendelea kukausha mguu wa mbwa. Alikausha mpaka ukakauka, akaendelea. Hakumtukana, hakumrukia. Machozi yalimtoka yakaganda juu ya mashavu, akayabandua kwa kucha. "Nimekulisha," alisema mwishowe. "Misimu mitatu kila ukija nakupa kiti karibu na moto. Nakuambia pole, shemeji, umefiwa na kaka. Mimi ndiye nilikuwa nakuambia wewe pole." Akavuta pumzi. "Geuza hawa mbwa. Nataka kufika, lakini nataka kufika mzima. Kama ni kungoja nitangoja. Labda naye atangoja."

Sauti yake ilipofika kwenye lile "labda" ilikatika, akageuka upande.

Kibwana akamrudisha Chande mbele. Alipomfunga mkanda hakumwamkia, na mbwa hakuona upungufu wowote. Hakuombwa, hakuamrishwa, alisimama, akajikung'uta theluji, akageuka mwenyewe kuelekea ufuo wa huku, na wenzake wakapinda nyuma yake kama sindano na uzi. Hawajafika mbali, barafu waliyotoka ikapasuka kwa mshindo mmoja, kutoka upande mpaka upande, bahari ikafumbua jicho. Kibwana alijisikia mwepesi, tena alijisikia mwema. Nimesema, alijiambia. Nimelitoa. Mimi si yule wa siku ile. Aliyaamini hayo kabisa, kama mtu anavyoamini akitoka kuoga kwamba hatachafuka tena.

Ufuoni palikuwa na watu. Mpokezi mwenyewe alitoka kuwalaki, mzee mpole, mwenye kikohozi, na kwanza kabisa akawapa uji wa moto, kila mmoja bakuli lake, akahakikisha wamekunywa. Akampa pole Siwatu kwa safari. Akawafungua mbwa wengine akawapeleka kula. Chande aliachwa huru, kwa heshima ya jina, akaenda zake kunusa nguzo za banda. Nyuma ya banda lile alisimama mtu wa rungu, anavaa glavu zake pole pole, maana na yeye ana zamu yake na watoto wake.

"Mnajua wenyewe," alisema Mpokezi, kwa masikitiko hasa. "Si mimi, ni utaratibu. Nani aliyekataa?"

Kibwana alikuwa na jibu. Alikuwa amelitengeneza njia nzima: mimi. Neno dogo. Kwa neno hilo angepoteza hatamu, sleji, pumzi za mbwa wakivuta, Uwanda wote; angeketi banda la kamba na wazee wasio na vidole, asokote mpaka mwisho. Alikuwa tayari. Alifungua mdomo akiwa tayari, na akasikia sauti yake, tulivu, yenye adabu, ikitoka kabla yake.

"Mbwa."

Akashangaa. Wallahi alishangaa kuliko wote waliokuwepo. Alingoja neno la pili lije lilirekebishe la kwanza, na nafasi ilikuwepo, ndefu, nyeupe, Mpokezi hakuwa na haraka hata kidogo. Neno halikuja.

"Na wewe, mke wa Chande? Ni kweli?"

Siwatu aliinua macho. Alijua kwamba mbwa akifa yeye ni huru saa hiyo hiyo. Hahitaji kuongozwa na yeyote, angeweza kuvuka na sleji ya kwanza ya msimu ujao, au kuzunguka kwa miguu njia ya milimani hata leo, asizuiwe na mtu. Alijua pia ni nani aliyewashika juu ya yale maji. Mdomo wake ulikuwa umeshashika neno hapana, Kibwana aliliona umbo lake. Lakini nyuma ya neno hilo palikuwa na mlango, na bibi kipofu ameketi, anauliza.

"Amekataa," alisema. "Ni kweli alikataa."

Na wala hakudanganya, masikini.

"Basi mwite," Mpokezi alimwambia Kibwana. "Lazima aitwe na wake, kwa jina, ili jina lisikie na kutoka."

Chande alikuwa mbali, ukingoni, pua yake imeelekezwa Uwandani. Hakufungwa. Mbele yake nchi yote ilikuwa wazi, nyeupe, haina ukuta wala mlango, na mbwa kama yule angeweza kukimbia misimu na misimu asishikwe. Kibwana aliomba moyoni kwamba akatae. Alimwomba kweli, kuliko alivyopata kumwomba kitu chochote: kataa, umekataa leo mara tatu, kataa na hii.

"Kaka Chande!" aliita.

Mbwa akageuka. Masikio yakasimama. Akaja mbio, anachechemea kwa kucha zake zilizong'oka, mkia juu, kwa kuwa aliyemwita ni wake.